Kuchuma si Kuombaomba

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilipigwa picha nikiwa nimeinama katikati ya msitu wa Sweden, ndoo ya plastiki mkononi, vidole vimegeuka rangi ya wino. Aliyeipiga ni binti yangu. Nami, kwa furaha ya kizee, nikaituma kwa rafiki yangu mmoja, mkaguzi wa shule mstaafu, ambaye tumejuana tangu ujana wetu. Jibu lake halikukawia. "Mkuu," aliniandikia, "umepanda ndege ukasafiri kutwa kucha ili ukaokote matunda porini kama mchunga mbuzi? Huko madukani hakuna matunda? Au watoto wameshindwa kukulisha?"

Nilicheka, maana utani ni haki yake. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Utani ule nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote, katika sura nyingi, na mara nyingine ulitoka kinywani mwangu mwenyewe. Ndiyo sababu ya kuandika kurasa hizi. Nataka kumjibu rafiki yangu na wote wanaofikiri kama yeye, na katika kumjibu yeye sina budi kumjibu mtu mwingine ambaye nimemkwepa kwa karibu miaka thelathini.

Kwanza nieleze nilichokuwa nikichuma. Binti yangu ni muuguzi katika mji mmoja wa jimbo la Västerbotten, kaskazini mwa Sweden. Ukitoka nyumbani kwake kwa miguu, kabla robo saa haijaisha umekwisha ingia katika msitu wa misonobari. Chini ya miti hiyo ardhi yote imefunikwa na vichaka vifupi visivyofika gotini, na kuanzia mwisho wa Julai vichaka hivyo hujaa beri ndogo ambazo wenyeji huziita blåbär, yaani beri za buluu.

Msomaji asizichanganye na zile beri nono zinazouzwa katika vikasha vya plastiki kwenye maduka makubwa ya dunia. Zile ni ndugu zake wa mbali, asili yao Amerika ya Kaskazini. Waliozitoa porini na kuzipeleka shambani ni Bibi Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville, huko New Jersey, na mavuno yao ya kwanza ya kuuza yalipatikana mwaka 1916. Ukiipasua beri ya dukani, ndani ni nyeupe. Ya mwitu ni ndogo, lakini rangi yake imepenya mpaka ndani, na mtoto aliyezila hawezi kukana, kwa maana ulimi, meno na midomo vitamshitaki. Aliyekula furu utotoni mwake anaelewa ninachosema.

Baada ya hizo huja lingon, nyekundu na kali, zenye asidi yao ya asili inayozuia kuoza. Bibi wa zamani walizitia katika maji matupu zikakaa majira yote ya baridi. Na huko kwenye vinamasi, penye mbu wasio na huruma, huota hjortron, beri ambayo kila shina huzaa tunda moja tu. Ikiwa bado changa huwa nyekundu, na ikiiva huwa ya manjano, kinyume cha matarajio ya mgeni. Mimi niliziacha zilizoiva nikachuma mbichi, na mjukuu wangu alinisahihisha kwa adabu.

Siku ya kwanza nilisita ukingoni mwa msitu. Nilijua kwamba msitu ule si wa binti yangu. Nikauliza, "Tumeomba ruhusa kwa nani?" Mjukuu akanitazama kama kwamba nimeuliza tumeomba ruhusa kwa nani kuvuta pumzi. Ndipo nilipoelezwa juu ya desturi yao iitwayo allemansrätten, maana yake haki ya kila mtu. Kwa haki hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kutembea katika ardhi ya mwingine, kuchuma beri na uyoga wa mwitu, hata kulala usiku mmoja katika hema, bila kumwuliza mwenye ardhi. Mipaka ipo. Huruhusiwi kuingia uani kwa mtu, huruhusiwi kukanyaga mazao yake wala kukata miti yake. Watoto hufundishwa maneno mawili, kwamba usisumbue na usiharibu. Desturi hii ni ya tangu zamani, na mwaka 1994 Bunge lao liliitaja katika Katiba. Hata mimi, mzee wa miaka 74 niliyekuja kwa viza ya miezi mitatu, haki hiyo ilikuwa yangu sawasawa na ya mwenyeji.

Sasa, rafiki yangu, hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wewe uliona mzee anaokota. Mimi nilikuwa natumia haki iliyotajwa katika Katiba ya nchi. Mwombaji hungoja kupewa na mwenye mali. Mchumaji hana wa kumshukuru isipokuwa Mungu aliyeotesha, na hana wa kumwogopa maadamu hajaharibu. Katika njia zile nilipishana na watu wa kila namna, mwenye gari kubwa na mwenye baiskeli, wote wameinama, wote wachafu wa vidole. Sikuona mtu aliyejificha uso.

Tuliporudi nyumbani na lita mbili za beri, mjukuu wangu, kijana wa miaka 13, darasa la saba, akavaa aproni akaniambia, "Babu, leo kaa utazame. Kesho utapika wewe." Nilikaa. Nimewahi kukaa nyuma ya madarasa ya walimu wanafunzi mamia nikiwapa maksi, lakini siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi.

Alipaka siagi bakuli la kuokea, akamimina lita moja ya beri, akanyunyizia desilita moja ya sukari na vijiko viwili vya wanga wa viazi ili maji ya beri yashikane. Nilifurahi kuona kwamba jikoni mwao hupima kwa desilita. Mtoto anayejua kwamba desilita ni sehemu ya kumi ya lita amelijua jambo hilo kwa mkono. Katika bakuli la pili akatia desilita moja na nusu ya unga wa ngano, desilita mbili na nusu za oti, ile nafaka iliyobanwa ikawa bapa, desilita moja ya sukari, chumvi kidogo, na gramu 125 za siagi baridi iliyokatwa vipande. Akaanza kusugua kwa ncha za vidole. "Si kwa viganja, Babu. Viganja vina joto, siagi itayeyuka." Akasugua mpaka ukapatikana mchanganyiko wa chengachenga, kama chenga za mchele zilizobaki katika ungo. Akazitawanya juu ya beri bila kuzishindilia. Chakula hiki wao hukiita smulpaj. Mimi nakiita pai ya chenga.

Nilikuwa na mchango mmoja tu. Mke wangu alinifungia pakiti ya iliki kutoka nyumbani, akidhani kwamba huko ughaibuni haipatikani. Kumbe Wasweden ni wapenzi wakubwa wa iliki, huitia katika mikate yao ya sukari hata harufu yake ikatoka nje ya maduka ya waokaji. Tukatwanga punje chache, tukazitia katika zile chenga. Pai ikaingia katika oveni kwa nyuzi 200, na baada ya nusu saa juu ilikuwa ya kahawia, na kandokando maji ya zambarau yalikuwa yakitokota. Tukaila ya moto na sosi baridi ya vanila. Sitaieleza ladha. Nitasema tu kwamba nilirudia sahani, na kwamba binti yangu alicheka akasema hajaniona nikirudia chakula tangu utoto wake.

Kesho yake nikapika mimi. Mikono yangu ilizoea kuona chapati ikikandwa, nami nikakanda. Zile chenga zikawa donge, donge likawa kifuniko, na kifuniko kikatoka ovenini kigumu kama saruji. Mjukuu akakigonga kwa kijiko. "Babu, umekanda," akasema, na hakuongeza neno. Tulipokuwa tukiosha vyombo akaniuliza swali ambalo limenileta mpaka hapa: "Chuoni kwako, kwenye somo hili, walimu walikuwa wanafundishwa kupika nini?"

Nilimdanganya mtoto. Nilimwambia, "Vitu vingi."

Ukweli ni huu. Mwaka 1996 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na jiko la sayansi kimu, chumba kirefu chenye meza sita, masinki mawili na oveni moja ya zamani iliyofanya kazi kwa kubembelezwa. Wanachuo walikuwa wengi, fedha kidogo, na sisi wakuu tulipimwa kwa matokeo ya mitihani ya masomo mengine. Nikaona kwamba chumba kile kinapoteza nafasi. Nikatia saini. Meza zikatolewa, wakaingizwa maboksi ya karatasi na madawati yaliyovunjika. Mwalimu wa somo lile, mama mmoja mtaratibu, nikampangia vipindi vya Kiswahili. Alikuja ofisini kwangu mara moja tu. Akasema, "Mkuu, umefunga darasa la pekee ambalo mwanafunzi hawezi kuibia mtihani." Nilimjibu kwamba tutalitazama suala hilo hali itakaporuhusu. Hali haikuruhusu mpaka nikastaafu, kwa sababu hakuna aliyeiomba iruhusu.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikifundisha Elimu ya Kujitegemea! Niliweza kuieleza ile falsafa ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967 kwa hoja saba zilizopangwa vizuri, na mwanachuo aliyezikariri zote saba nilimpa alama za juu. Falsafa ile ililalamikia elimu inayomfanya kijana adharau kazi ya mikono, nasi tukaigeuza kuwa swali la mtihani. Rafiki yangu mkaguzi alikuja kukikagua chuo chetu baada ya jiko kufungwa. Aliandika kwamba stoo imepangwa vizuri.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mimi mwenyewe niliyatoa miaka mingi. La kwanza ni kwamba upishi ni kazi ya wanawake, kwa hiyo si somo la kumshughulisha kila mwanafunzi. Sweden walipoanzisha shule yao ya msingi ya pamoja mwaka 1962 waliliweka somo la maarifa ya nyumbani kuwa la lazima kwa wavulana na wasichana sawasawa. Mjukuu wangu hajui kwamba kuna swali la kuuliza hapo. Anajua kwamba mtu hula kila siku, na kwamba anayekula bila kujua kupika ni mtegemezi, awe na ndevu asiwe nazo. Wala sisemi kwamba somo hilo limewamalizia muda wa hesabu. Limetengewa saa 118 tu kwa miaka yote ya shule ya msingi, na ndilo dogo kuliko yote. Saa 118! Sisi tulishindwa kuzipata.

La pili ni kwamba matunda ya mwitu ni chakula cha njaa, na kwamba Mzungu aliyeshiba anaweza kuyachezea, lakini sisi tumetoka huko na hatutaki kurudi. Hoja hii ina uzito, siidharau. Lakini aitoaye aangalie historia. Jimbo lile lile nililochumia beri lilipigwa na njaa kali katika miaka ya 1867 na 1868, na watu wakatwanga magamba ya misonobari wakayachanganya na unga ili mkate utoshe. Bibi za hawa ninaowaona leo na magari yao walikula mti. Hali ilipotengenea wakauacha mkate wa magamba, na wakafanya vema. Lakini beri hawakuziacha. Walipambanua kati ya kilicholiwa kwa kukosa na kilicholiwa kwa sababu ni kizuri. Sisi tulipopata sukari ya dukani na juisi ya pakiti tulivitupa vyote katika shimo moja, makusu, masada, furu na mabungo, tukamwambia mtoto kwamba hivyo ni vya wachunga mbuzi. Mchunga mbuzi alikuwa na kinywa kinachojua utamu kuliko mwanawe anayenyonya rangi na maji ya sukari.

La tatu ni la hawa wa kisasa, na hili linanikera kuliko yote mawili. Hao hawaoni aibu ya tunda la mwitu, mradi liwe la Ulaya. Watasoma jinsi ya kupika pai hii, wataingia katika duka kubwa la mjini na kununua beri zilizogandishwa, zilizovuka bahari, kwa fedha ambazo zingelisha nyumba siku kadhaa. Kisha watasema wamepika chakula cha kaskazini. Hawajapika. Mwaka 2004 wapishi 12 wa nchi za Nordiki walikutana Copenhagen wakatia saini tamko la upishi wao mpya, na moyo wa tamko lile ulikuwa kwamba mpishi atumie kinachoota katika ardhi yake na kwa majira yake. Tangu hapo kuna matajiri wanaosafiri kutoka pembe za dunia kwenda kulipa fedha nyingi wale majani na beri ambazo bibi wa kijijini huchuma bure. Anayetaka kuiga chakula hicho kwa uaminifu ataanza kwa kufungua mlango wake wa nyuma kutazama kilichoota. Anayenunua beri za kugandishwa ameiga sura ya sahani, akaacha maana yake.

Asije mtu akadhani kwamba nimekwenda kuwasujudia Wasweden. Nao wanateleza. Sehemu kubwa ya beri zinazouzwa viwandani huko haichumwi na wenyeji. Kwa miaka mingi wameletwa maelfu ya wafanyakazi kutoka nje, wengi wao wakulima wa Thailand, ambao walikopa nauli na kufanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, na baadhi yao wamerudi kwao na madeni. Nchi jirani ya Finland mwaka 2022 Mahakama yake ya juu ilithibitisha kwamba wachumaji 26 wa Kithai walikuwa wamefanyiwa usafirishaji haramu wa binadamu. Hivyo ile haki ya kila mtu, mikononi mwa mfanyabiashara, inaweza kugeuka kuwa mzigo wa mtu mmoja. Nalisema hili kwa sababu linathibitisha hoja yangu. Watu wakianza kuona kuinama ni aibu, daima hutafutwa maskini wa kuinama badala yao. Aliyecheka picha yangu afikiri juu ya hilo atakapokunywa juisi yake.

Na asiseme mtu kwamba nawatuma watoto porini wakale sumu. Katika msitu ule ule kuna beri nyeusi zinazong'aa, ambazo wenyeji wamezipa jina la zimwi, nazo ni sumu. Mjukuu wangu alinionyesha mmea huo kabla ya kunionyesha unaoliwa, akasema, "Usilolijua, usilile." Huo ni ujuzi, na ujuzi hauji wenyewe. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nao. Mimi nilirithi nusu, binti yangu akapata robo, na kama si shule ya ugenini mjukuu wangu asingepata kitu. Shule yetu sisi, ambayo ingepaswa kuuokoa ujuzi huo, ndiyo iliyoucheka, na mimi nilikuwa mmoja wa wenye funguo.

Nimerudi nyumbani tangu Oktoba. Nimemwandikia barua yule mwalimu wa sayansi kimu, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, nikamwambia kwamba alisema kweli na mimi nilikosea. Sijui kama atajibu, wala hawiwi na jibu langu. Kwa wakuu wa vyuo walio kazini sasa nina ombi moja. Kama mna jiko, msilifunge. Kama lilifungwa na mtu kama mimi, toeni madawati yaliyovunjika, ingizeni meza, na mumpe kila mwalimu mwanafunzi, mwanamume na mwanamke, siku ya kuunguza chakula mbele ya wenzake. Mpelekeni kwanza kwa wazee wa kijiji kilicho karibu wakamwonyeshe kinacholiwa na kisicholiwa. Hayo hayahitaji mfadhili.

Na kwako, rafiki yangu mkaguzi, sina kinyongo. Furu ina kokwa gumu, kwa hiyo huchemshwa na kukamuliwa kwanza, halafu chenga hutawanywa juu yake, na iliki kidogo. Nimekwisha jaribu mara mbili, na mara ya pili sikukanda. Msimu ukifika nitakupigia simu. Njoo asubuhi mapema kabla ya jua kali, uje na ndoo yako, na usicheke mpaka vidole vyako navyo viwe vimechafuka.